Shemeji Alipokuja na Beleshi

Mume wa mdogo wangu ameandika mtandaoni vidokezo vya safari kwa watu wanaotaka kuendesha gari wenyewe kutoka Tarime hadi Serengeti. Nimevisoma vyote nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Bomani, mguu umesimama juu ya pedali na nguo ya mteja inasubiri. Anashauri upunguze upepo wa matairi ukifika kwenye changarawe. Anashauri ubebe maji mengi kuliko unavyodhani utayahitaji. Anasema wenyeji ni wakarimu na "wanapenda sana kuwashirikisha wageni katika mila zao." Watu wamemwekea alama za moyo. Mmoja ameuliza: hizo mila mgeni anashirikishwaje hasa? Hajajibiwa mpaka leo. Mimi nilikuwepo, basi nitajibu mimi.

Walifika jioni moja, mvua nyepesi inanyunya, yeye na mdogo wangu. Gari lilikuwa la kukodi, refu, rangi ya mchanga, na kila kitu ambacho mtu mwingine angekiweka ndani kilikuwa kimefungwa nje. Juu ya keria kulikuwa na hema lililokunjwa. Ubavuni kulikuwa na madumu ya mafuta. Kwenye boneti, kwa mikanda ya ngozi, palikuwa na beleshi na shoka, vyote vipya kabisa, shoka bado lina karatasi ya dukani. Bomba la kuvutia hewa lilipanda kando ya kioo cha mbele kama la trekta, ili gari lipumue likizama mtoni. Majirani walitoka kuangalia. Mama anayeuza maandazi mbele ya kibaraza changu aliniinamia akanong'ona, "Wamefukuzwa kwenye nyumba?"

Nikamwambia hapana, wako likizo.

"Likizo," alisema, akaliangalia tena lile hema. "Pole yao."

Mimi ni fundi wa nguo, siwezi kumtazama mtu bila kuanzia kwenye mshono. Shemeji alivaa suruali yenye zipu magotini, ambayo ukiona joto unaivua nusu ya chini ikabaki kaptula. Hapa Tarime, kwenye ukungu wetu huu, zipu ile ilikuwa na kazi moja tu, kupitisha baridi. Juu alivaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo vya kutia. Mfuko mmoja ulikuwa na pipi za kifua, mingine imelala tu. Mshono ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Ila mtu anayefanya kazi ya hesabu katika ofisi yenye kiyoyozi kule Dar es Salaam, akivaa vile, anaonekana kama amevikwa na mtu mwingine kwa ajili ya picha.

"Shemeji," aliniambia tukinywa chai, "safari hii tunaendesha wenyewe. Hakuna dereva, hakuna kampuni, hakuna kiongozi wa watalii. Sisi na barabara tu."

Nikamuuliza, kwani hapa Tarime nani huwa anaendeshwa? Fundi wa baiskeli anaendesha mwenyewe. Bodaboda anaendesha mwenyewe, tena na mbuzi nyuma. Mdogo wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Shemeji alitabasamu kwa upole wa mtu anayejua kwamba hajaeleweka.

Nilikuwa nimewatandikia kitanda changu, shuka mpya, mablanketi mawili. Wakakataa. Yaani yeye alikataa; mdogo wangu alikitazama kitanda kama mtu anayeagana na ndugu stendi. Watalala juu ya gari, uani kwangu, kwa sababu lazima hema lijaribiwe kabla ya porini. Lilifunguliwa kwa sauti ya vyuma, ngazi ikashuka, watoto wa mtaa wakapiga makofi. Asubuhi nilipoamka kuwasha jiko, nilimkuta shemeji kwenye kochi la sebuleni, amejikunja kama mkeka, na mdogo wangu kwenye kitanda changu upande wa ukutani, wala sikujua aliingia saa ngapi. Nje mvua imeloanisha kila kitu. Nilipomuuliza hema limeonaje, shemeji alisema majaribio yamefanikiwa, kwa maana ya kwamba sasa anajua upungufu wake.

Niliingia katika safari hii kwa ajili ya Kikurya. Mdogo wangu aliondoka nyumbani akiwa mdogo kwenda kusoma, na kila akirudi hudai amekisahau. Mumewe alitaka mtu wa "kufungua milango ya utamaduni." Nilikubali kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia. Nimezaliwa mkoa huu, nimezeekea mkoa huu, na simba nilikuwa nimemwona kwenye noti tu.

Kabla ya kuondoka alitaka tupite sokoni, maana vidokezo vyote alivyosoma vinasema ukitaka kuijua jamii anzia sokoni. Akatembea kati ya mafungu ya ndizi simu ikiwa imeinuliwa mbele ya uso, anaongea na watu ambao hawapo. "Marafiki, hapa ni Tarime, angalieni rangi, angalieni maisha." Kulikuwa na dada mmoja anauza nyanya, mtu wa kwenda na kurudi Sirari, Kiswahili chake kimechanganyika na cha upande wa pili wa mpaka. Alimwacha shemeji arekodi mpaka akaridhika. Kisha naye akachomoa simu yake kutoka kwenye aproni, akaielekeza usoni kwa shemeji.

"Hebu geuka kidogo," alisema. "Onyesha hizo zipu. Niko na ndugu zangu Migori wanataka kuona."

Soko lilicheka. Shemeji aligeuka kweli, akaonyesha zipu. Nilimpenda kidogo pale.

Tukashika njia ya Nyamongo. Shemeji ndiye aliyekaa kwenye usukani. Mdogo wangu ana leseni, kila siku anaendesha kutoka Mbezi mpaka mjini na kurudi, lakini mpaka hapo hakuwa ameugusa usukani. Kuendesha mwenyewe kulikuwa na mwenyewe mmoja. Mimi niliwekwa nyuma, kati ya boksi la barafu na mifuko ya kulalia, upande ambao mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kile kifungo cha watoto, haufunguki kwa ndani. Simu iliyobandikwa kwenye dashibodi ilikuwa na mwanamke ndani yake, akitamka majina ya vijiji vyetu kana kwamba yanamuuma meno.

Barabara ilikuwa nzuri mahali na mbaya mahali. Malori yalipita yakatuachia vumbi zito, na kila yalipopita shemeji alipunguza mwendo, akatueleza kuhusu matairi. Mtandaoni alikuwa amesoma mengi kuhusu matairi. Alikuwa amesoma pia kuhusu sisi. "Wanasema ukiwa Tarime usisimame ovyo," alituambia, macho barabarani. "Watu wakali. Panga nje nje."

Mdogo wangu alitazama dirishani. Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa miaka mingi, wamezaa naye, na baba yetu aliyemlipia ada alikuwa mtu wa huku huku kwenye panga nje nje.

"Panga tunalo," nilisema kutoka nyuma. "Tunakatia ndizi ulizokula asubuhi."

"Si nyinyi, shemeji. Nazungumzia kwa ujumla."

Mbele kidogo, pembeni mwa barabara, tulikuta matawi mabichi yamelazwa kwenye changarawe, na tawi jingine limechomekwa penye njia ndogo inayoelekea mlimani. Mtu yeyote wa kwetu akiyaona mahali kama pale anajua kuna msiba nyumba ile, apunguze mwendo, azime redio. Shemeji alisema mbele kuna lori limeharibika. Halafu akatazama juu ya ile njia ndogo, akaona turubai, moshi wa majiko makubwa, watu wamevaa vizuri wanapanda kwa makundi, na zizi la ng'ombe limejaa ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Akakata kona bila hata kuwasha taa ya kuashiria.

"Sherehe ya kimila!" alisema. "Hii hata kwenye ramani haipo!"

"Shemeji, ule ni msiba," nilisema.

Hakunisikia. Alikuwa ameshateremka na kuubamiza mlango. Nikavuta kitasa cha mlango wangu, hakikufunguka. Mdogo wangu alikuwa anapambana na mkanda wake, ameukalia. Kupitia kioo nilimwona mumewe akifungua sanduku jeusi nyuma ya gari, akatoa kindege cha kupigia picha kutoka angani, droni, chenye mapanga manne kichwani, akakiweka chini kwenye majani, akarudi nyuma hatua chache kama mtu aliyewasha fataki. Kikalia kama nyuki wote wa wilaya wamekusanywa. Kikapaa.

Vilio vilikuwa vinasikika kutoka kwenye turubai tangu tufike, vya wanawake, vile virefu vya kupokezana. Vikasimama. Watu wote chini ya turubai na nje yake waliinua nyuso. Sijawahi kuona msiba ukinyamazishwa hivyo, hata na padri. Kindege kikateremka kidogo juu ya zizi, nadhani ili kipate picha nzuri ya pembe.

Ng'ombe wa Wakurya ni watu wenye heshima zao. Hawajazoea kuchunguliwa kutoka juu. Dume moja kubwa lilipiga kelele, likageuka, likaegemea uzio kwa ubavu, uzio ukalala. Wengine wote wakamfuata kupitia palepale, wakashuka mlimani kwa kishindo, wengine wakaingia kwenye mahindi, wengine wakapita kati ya masufuria. Shemeji alishtuka, vidole vikakosea kwenye kifaa cha kukiongozea, na kindege kikaanguka mbele ya kwato. Nikaona vipande vyake vikiruka, kisha sikuviona tena.

Wanaume walianza kuteremka kuja kwetu. Hawakukimbia. Shemeji yeye alikimbia. Aliingia ndani ya gari, akafunga milango yote kwa kitufe, akapandisha vioo, akaanza kutafuta ufunguo kwenye ile mifuko yote ya kizibao, mmoja baada ya mwingine, na kila mfuko ulikuwa mtupu. Kumbe ufunguo ulikuwa umebaki kwenye kufuli la mlango wa nyuma wa gari, alipotolea sanduku.

"Wanatuua," alisema.

"Nifungulie mlango," nilisema.

"Shemeji, usishuke!"

Nikapita katikati ya viti, nikamkanyaga mdogo wangu pajani, nikafungua mlango wake kwa mkono wangu, nikatoka. Nilijifunga kanga vizuri, nikasimama mbele ya gari.

Aliyetangulia alikuwa mtu wa makamo, koti jeusi, viatu vina udongo mpaka kwenye visigino. Alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, nilikuja kujua baadaye. Marehemu alikuwa mzee sana, amekufa usingizini. Nilimwamkia kwa Kikurya, nikampa pole ya msiba, nikamwambia mimi ni wa kwa nani, wa mlima upi, nimekaa wapi. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kama inavyotakiwa. Kisha akaelekeza kidole mahindini.

"Yule mdudu ni wa nani?"

"Wa shemeji yangu. Ametoka Dar es Salaam."

"Alikuwa anatafuta nini kwetu?"

"Alidhani mna sherehe."

Wanaume walitazamana. Mmoja alifunika mdomo kwa kiganja, na nikajua hatutapigwa. Mtoto wa marehemu hakucheka. Alikuwa analitazama gari. Macho yake yalipita kwenye madumu, kwenye hema, yakatua kwenye boneti. Alilishika lile beleshi, akapitisha kidole gumba kwenye makali yake.

"Hili ni la kazi gani?"

Kusema kweli sidhani hata mwenye beleshi alijua.

"Tumefika kwenye mwamba," alisema. "Beleshi letu moja limekatika mpini, na jingine ni bovu. Mwambie huyo bwana ashuke na hili lake."

Nikageuka kwenye kioo. Shemeji alikuwa amekishusha upana wa kidole.

"Wanasemaje?"

"Wanasema ushuke na beleshi."

Rangi ilimtoka usoni yote. Alitazama beleshi, akatazama wale wanaume, akatazama udongo kwenye viatu vyao.

"Nichimbe mwenyewe?" alisema.

Ningeweza kumtoa hofu palepale. Nilikawia. Nilizikunja ncha za kanga yangu, nikazikunjua, nikazikunja tena. Nilikuwa nakumbuka maneno yake ya barabarani, panga nje nje, kwa ujumla. Mdogo wangu ndiye aliyemhurumia, akamwambia kuna mzee amekufa, wanachimba kaburi, wanaomba msaada. Alishuka. Kila hatua zipu za ile suruali zililia kidogo.

Kaburi lilikuwa pembeni mwa zizi, limefika kiunoni. Wakampa nafasi. Beleshi lake lilikuwa zuri kweli, jepesi, linakunjika katikati kwa ajili ya kuhifadhiwa, na kosa lake lilikuwa hilohilo: kila alipolikandamiza kwenye udongo mgumu lilikunjika. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alilichukua, akalifunga kiungo chake kwa waya wa uzio, akamrudishia. "Endelea, mura," alimwambia, kama wanavyoitana wanaume wa kwetu. Nilimwona shemeji akiuliza mtu neno lile lina maana gani, akaambiwa ni kijana wa kiume, na akachimba kwa nguvu zaidi. Alitupa udongo upande wa upepo, ukamrudia usoni. Wakamgeuza. Alivua kizibao. Baada ya muda hakuna aliyemwangalia tena kama mgeni. Walimwambia sogea, pokea, pumzika, shika nondo hii, kama wanavyoambiana wenyewe.

Mimi na mdogo wangu tulikwenda kwa wanawake. Tulimpa mjane mkono, tukakaa naye mkekani, tukalia naye kidogo. Mama yule alikuwa mdogo wa umbo, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, na kilio hakikuwa kimemfanya asahau kuuliza maswali. Mimi alimalizana nami haraka. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akatazama kucha zake zilizopakwa rangi, akauliza kwa Kikurya yeye ni wa kwa nani.

"Mimi ni Mtanzania tu, mama," alijibu mdogo wangu kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya ofisini.

"Hilo nimeliona," alisema mjane. "Nakuuliza wa kwa nani."

Wanawake wote wakasubiri. Mdogo wangu alinitazama, nami nikatazama mkeka. Akaanza, polepole, kwa Kikurya cha mtoto wa darasa la nne, maana ndipo alipokiachia: jina la ukoo, la babu, la babu wa babu, mahali walipohama, mahali walipofia ng'ombe wao. Alikosea sehemu moja, bibi kizee mmoja akamsahihisha kutoka pembeni, akarudia, akaendelea. Alipofika kwa mama yetu sauti ikamkatika. Mjane alimvuta kichwa akakilaza begani. Halafu, bila kungoja machozi yakauke, akamwambia aende akasaidie kusonga ugali, kwa kuwa mikono anayo.

Ng'ombe walirudishwa wote kabla ya maziko. Mahindi yaliyokanyagwa yalikuwa ya familia yenyewe, nao walituambia tuache, siku ile si siku ya kudaiana. Kindege kililetwa na bibi mmoja kwenye ungo, vipande vyake vyote vimepangwa, hata skrubu, kama mtu anayeleta dagaa. Alimpa shemeji kwa mikono miwili na kumwambia pole. Mtoto wa marehemu alikuja kukitazama. Akauliza kama kinaweza kuruka tena, maana wana ndugu upande wa Kenya, wamekwama, hawatafika, na ingekuwa vizuri wamwone mzee akisindikizwa, watu wote walivyojaa. Shemeji alitazama ule ungo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakiwezi, lakini simu anayo.

Basi alirekodi kwa simu. Alisimama mahali alipowekwa, mikono ina malengelenge, hakuongea na marafiki, hakusema angalieni rangi. Alishika simu imetulia mpaka udongo ukajaa. Baadaye nilisikia kutoka kwa mtu wa Sirari kwamba picha zile zilifika, na wale ndugu walizitazama wakiwa wameketi chini wote. Kati ya kila alichorekodi katika safari ile, hicho ndicho hakikupandishwa mtandaoni, na ndicho pekee kilichostahili kutazamwa.

Chakula kilipokuja alikula kama mchimba kaburi. Walimletea bakuli la supu ya kijani, chungu, ile tunayoiita kichuri, inayopikwa kwa majimaji ya matumbo ya ng'ombe. Alikunywa, akasema ina ladha ya mboga fulani, akaomba aongezewe. Mdogo wangu alifungua mdomo amweleze, nikamfinya. Alielezwa baada ya bakuli la pili, na kijana mwenye mabega, kwa ufafanuzi wa kutosha. Shemeji alilitazama bakuli tupu kwa muda mrefu. "Basi imeshaingia," alisema. Ndilo jambo la busara kuliko yote niliyomsikia akisema.

Mwenyekiti wa kitongoji aliposimama kushukuru wageni, alitaja waliotoka Musoma, waliotoka Mugumu, halafu akasema wanamshukuru pia ndugu aliyetoka mbali, Dar es Salaam, ambaye alisikia msiba na akaja na beleshi lake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Alikuwa anatania au la, mpaka leo sijui. Shemeji alisimama akainama. Jioni ile hatukuruhusiwa kuondoka. Barabara haifai, walisema, na aliyechimba hafukuzwi. Tulipewa nyumba yenye mikeka. Hema la juu ya gari lilifunguliwa, wakalala humo wajukuu wa marehemu, wakiwa wamejaa kama ndizi kwenye tenga, na hao hawakuona upungufu wowote.

Asubuhi shemeji hakuweza kukunja vidole. Alikaa kwenye usukani, akaushika, akaachia. Akatoka bila kusema kitu, akaingia nyuma mahali pangu, kwenye mlango usiofunguka. Mdogo wangu akasogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akawasha gari.

Anaendesha vizuri sana. Alilivusha gari kwenye daraja la Mto Mara, akapita penye mashimo bila kutusomea somo lolote, na yule mwanamke wa kwenye simu alizimwa, kwa kuwa mdogo wangu aliuliza njia kwa kushusha kioo na kuamkia watu shikamoo. Alikuwa anaamkia kwa Kikurya pale palipofaa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Tulipita Mugumu tukajaza mafuta, tukapita Morotonga, tukafika getini. Mtandao wa malipo ulikuwa chini. Tulisubiri kwenye benchi pamoja na watalii waliovaa suruali za zipu kama za shemeji, na hapo kwa mara ya kwanza nikamwona amevaa kawaida.

Siwezi kuieleza Serengeti. Wako wanaolipwa kuieleza, nao huanza na neno "kushangaza." Nitasema tu kwamba nyumbu walikuwa wengi, wanapita mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaotoka mkutanoni, na kwamba mimi, mwanamke mzima, nilishika mdomo. Nilikasirika pia. Nilifikiria watu wa vijiji vya pembeni ambao tembo anawalia mihogo, wakitoka kumfukuza wanaambiwa ni mali ya taifa, na hawajawahi kukaa kwenye kiti kama hiki nilichokalia, na kuambiwa huyu tembo tazama kwa starehe. Mdogo wangu alizima injini. Tulisikia kwato tu, na sauti yao ile ya kukoroma.

Sehemu ya kukoroma ilikuwa ya shemeji. Alikuwa amelala kwenye ile mifuko, mdomo wazi, viganja vimegeuzwa juu kwa sababu ya malengelenge. Alikuwa amesafiri kutoka mwisho mmoja wa nchi kuja kuwaona wale nyumbu. Mdogo wangu aligeuka, akamtazama. Nikamuuliza tumwamshe?

"Mwache," alisema. "Jana amefanya kazi."

Gari la kampuni ya utalii lilisimama ubavuni mwetu, limejaa Wazungu wenye kamera. Dereva wake, mtu wa heshima mwenye sare iliyopigwa pasi, alimwinamia mdogo wangu dirishani.

"Habari za safari, dada. Dereva wenu yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alimtazama tena, kisha akachungulia nyuma. "Na huyo?"

"Huyo ni mtalii," alisema mdogo wangu.

Dereva aliitikia kwa kichwa, kama mtu wa kazi hiyo hiyo. Akatuelekeza penye simba, ng'ambo ya korongo, upande wenye mawe, tuwahi kabla jua halijawa kali. Tulimshukuru. Tukabaki kwanza palepale, tukamenya mayai ya kuchemsha ambayo mjane alikuwa ametufungia kwenye jani la mgomba, na nyumbu walikuwa bado wanapita.